Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Fujino: Uhakiki wa Insha ya Lu Xun Juu ya Maisha ya Mwanafunzi Mgeni Nchini Japani

UTANGULIZI

Habari za vijana wanaokwenda kusoma Japani si ngeni tena katika nchi zetu. Serikali ya Japani ilianza kuwagharimia masomo wanafunzi wa kigeni mwaka 1954, na mwaka 2013, katika mkutano wa Yokohama juu ya maendeleo ya Afrika, ilitangaza mpango maalumu kwa ajili ya vijana wa bara letu. Wanaorudi hutusimulia mengi: viatu vinavyovuliwa mlangoni, takataka zinazotengwa kila aina na siku yake, birika la kuogea ambalo mtu haliingii kabla hajajisugua na kujisuuza kando, na magari ya moshi yaliyojaa watu lakini kimya. Masimulizi hayo yana manufaa, na ajaye nyuma huyashukuru. Hata hivyo, aghalabu yote huishia mahali pamoja: kwamba mgeni amejifunza desturi za wenyeji, basi amezoea.

Sisi walimu wa lugha hatuna budi kuuliza zaidi. Kuzoea nchi ya watu ni nini hasa? Je, ni kujua mahali pa kuweka viatu, au ni jambo lisilomtegemea mgeni peke yake? Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa kuihakiki insha fupi iliyoandikwa na mtu aliyekuwa mwanafunzi mgeni Japani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Insha hiyo ni "Mwalimu Fujino" ya mwandishi wa Kichina Lu Xun. Rai yetu ni kwamba ubora wa insha hii hautokani na habari zake juu ya baridi, chakula wala nyumba, ingawa zimo. Ubora wake watokana na kutuonyesha kwamba mgeni hupata mahali pake pale mwenyeji mmoja anapokubali kumsahihisha kwa ukamilifu, kama anavyowasahihisha wa kwao.

MWANDISHI NA WAKATI WAKE

Lu Xun ni jina la kalamu. Jina lake halisi lilikuwa Zhou Shuren, naye alizaliwa mwaka 1881 katika mji wa Shaoxing, mkoa wa Zhejiang. Mwaka 1902 alipelekwa Japani kwa gharama ya serikali ya Uchina, akajifunza Kijapani mjini Tokyo kwa muda wa miaka miwili hivi. Mwaka 1904 akaingia chuo cha utabibu cha Sendai, mji ulio zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Tokyo. Aliacha masomo hayo mwaka 1906 akarudi Tokyo kushughulikia fasihi, na mwaka 1909 akarejea kwao.

Yafaa ikumbukwe kwamba huo haukuwa wakati wa kawaida. Japani ilikuwa imeishinda Uchina katika vita vya 1894 na 1895, na mwaka ule ule Lu Xun alipoingia Sendai ilikuwa ikipigana na Urusi, tena juu ya ardhi ya Uchina. Kwa hiyo kijana huyu hakwenda kusoma katika nchi iliyo sawa na yake. Alikwenda kusoma kwa mshindi.

Insha yenyewe aliiandika Oktoba 1926, miaka 20 baada ya kuondoka Sendai, nayo imo katika mkusanyo wa kumbukumbu zake uliotoka mwaka 1928, ambao jina lake kwa Kiswahili laweza kuwa "Maua ya Asubuhi Yaliyochumwa Jioni". Tafsiri za Kiingereza na Kifaransa zapatikana, hivyo wenzetu wa Uganda na wa Burundi waweza kuisoma kila mmoja kwa njia yake.

MUHTASARI WA INSHA

Insha yaanzia Tokyo. Msimulizi anawaona wanafunzi wenzake Wachina wakitembea chini ya maua ya Ueno, misuko yao mirefu ya nywele wameizungusha utosini hata kofia zikainuka mfano wa Mlima Fuji. Jioni, katika nyumba ya wanafunzi hao, sakafu hutingishika kwa mazoezi ya dansi. Achoshwa nao, aamua kwenda mahali pasipo na mwenzake hata mmoja.

Huko Sendai apokewa kwa hisani. Chuo hakimtozi ada, na baadhi ya wafanyakazi wahangaikia malazi na chakula chake. Kisha aingia darasani mwalimu wa anatomia, yaani elimu ya muundo wa mwili, jina lake Fujino Genkuro: mtu mwembamba, mweusi kidogo wa uso, mwenye masharubu na miwani, asiyejali mavazi. Wanafunzi wa zamani wasimulia kwamba pengine husahau kuvaa tai, na kwamba koti lake la baridi limechakaa hata siku moja kondakta wa gari la moshi alimdhania mwizi wa mifukoni, akawaonya abiria.

Baada ya siku chache mwalimu huyo amwita mwanafunzi wake mgeni na kumwuliza kama aweza kuyaandika masomo yanavyosemwa. Aomba aone daftari. Linaporudi, mwanafunzi akuta limesahihishwa kwa wino mwekundu kutoka mwanzo hata mwisho. Yaliyoachwa yamejazwa, na hata makosa ya sarufi yamerekebishwa. Ikawa hivyo kila juma mpaka somo likaisha.

Baada ya mtihani wenzake wanamshuku kwamba Fujino alimwonyesha maswali kwa kuyatia alama katika madaftari. Apelekewa barua isiyo na jina inayomtaka atubu. Baadaye, katika darasa la elimu ya vijidudu, muda ukibaki huonyeshwa picha za vita. Aona picha ya Mchina aliyeshtakiwa ujasusi akiuawa na Wajapani, Wachina wengine wakitazama, na wanafunzi darasani wakishangilia. Aamua kuacha utabibu. Fujino ampa picha yake, nyuma ameandika maneno ya kuagana. Mwanafunzi aahidi kuandika barua, lakini haandiki kamwe.

MAISHA YA KILA SIKU

Msomaji anayetafuta habari za kuzoea Japani atazikuta mapema, na zimeandikwa kwa mzaha. Nyumba ya kwanza aliyokaa msimulizi iko jirani na gereza. Ni majira ya baridi kuanza, lakini mbu wangali wengi. Yeye hujifunika blanketi mwili mzima, hujizungushia nguo kichwani, na kuacha matundu ya pua tu. Chakula si kibaya. Ila bwana mmoja ashikilia kwamba nyumba hiyo hupika pia chakula cha wafungwa, kwa hiyo haimfai mwanafunzi. Amshurutisha kwa wema hata ahame. Katika nyumba ya pili, iliyo mbali na gereza, kila siku ni mchuzi wa vikonyo vya magimbi usiomezeka.

Sisi tulao magimbi, au nduma kama wenzetu wa Kenya wasemavyo, twaweza kucheka. Lakini tusipite haraka. Kisa hiki kidogo kina mantiki ya insha nzima. Mgeni ametendewa wema, na wema huo umemharibia chakula. Hakuna aliyemwuliza kama nyumba ya kwanza yamridhisha. Waliomhurumia walijishughulisha na heshima yake kama walivyoifikiri wao.

Tena Lu Xun haijivunii hisani aliyopokewa nayo. Ailinganisha na kabichi za kaskazini mwa Uchina, ambazo zikifika kusini huning'inizwa dukani kwa kamba nyekundu na kupewa jina la fahari, na mimea ya kusini iotayo mwituni ambayo kaskazini hutunzwa katika nyumba za vioo. Kitu adimu huthaminiwa kwa uadimu wake. Kwa tashbihi hiyo mwandishi ameeleza jambo ambalo wengi waliosoma ugenini wamelihisi bila kulitaja: kwamba kupendwa kwa kuwa peke yako si kujulikana. Kabichi haiulizwi lolote.

KALAMU NYEKUNDU

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa mara nyingi kwa kumkumbusha mgeni asiwe mzigo. Twadhani ina upande wa pili. Anayepewa jembe amehesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Anayelishwa siku zote bila jembe hubaki mgeni daima. Kwa maoni yetu, wino mwekundu wa Fujino ndio jembe hilo.

Yatazameni matendo yake kwa utaratibu. Kwanza, aliuliza kabla ya kusaidia, tofauti na bwana wa nyumba ya gereza. Pili, alitaka kuona kazi, hakuridhika na jibu la mdomo. Tatu, alisahihisha yote, elimu na lugha pamoja, wala hakusema kwamba sarufi si kazi ya mwalimu wa anatomia. Nne, aliendelea hata mwisho wa somo. Mwanafunzi asema alishtuka, akaona haya na kushukuru kwa wakati mmoja. Ni sahihi kabisa kwamba haya imetajwa pamoja na shukrani. Kusahihishwa huumiza; lakini maumivu hayo ni ya mtu aliyechukuliwa kwa uzito.

Iko pia sehemu fupi ambayo walimu tungependa kila mwenzetu aisome. Fujino amwonyesha mwanafunzi mchoro wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo, ambamo mshipa mmoja wa damu umehamishwa kidogo ili mchoro upendeze. Amweleza kwa upole kwamba mwili haubadilishwi kwa ajili ya uzuri. Mwanafunzi akubali kwa kinywa, lakini moyoni ashikilia kwamba mchoro wake ni mzuri, na kwamba hali halisi anaijua. Mwandishi mwenye umri wa miaka 45 amemwacha kijana yule na ukaidi wake bila kumkemea. Kwa njia hiyo twaona kwamba msimulizi si malaika, na mwalimu naye si mchawi wa kubadilisha mioyo kwa siku moja.

Wala Fujino hakupambwa kupita kiasi. Siku moja amwuliza mwanafunzi habari za desturi ya Wachina ya kuwafunga wanawake nyayo: zafungwaje, na mifupa hupindaje? Swali ni la mtaalamu wa mifupa, halina dharau. Lakini kwa kijana aliyeionea nchi yake aibu ni kama kidole kwenye kidonda. Hata mwenyeji mwema hajui siku zote mahali panapouma.

FEDHEHA NA ALAMA ZA MTIHANI

Tuhuma ya wizi wa mtihani ndiyo kiini cha mgogoro. Msimulizi aeleza mantiki ya wanaomshuku: nchi yake ni dhaifu, kwa hiyo watu wake hawana akili, na Mchina akipata alama zaidi ya 60 bila shaka si kwa uwezo wake. Kejeli hiyo ina uchungu mwingi, nayo yatueleza jambo ambalo masimulizi ya viatu na takataka hayaligusi: kwamba mgeni aweza kufuata kila desturi na bado akahukumiwa kwa bendera yake.

Hapa historia imetuletea ushahidi ambao insha haikuutaja. Kumbukumbu za chuo zilizohifadhiwa Sendai zaonyesha kwamba katika mtihani wa mwaka wa kwanza Lu Xun alikuwa wa 68 kati ya wanafunzi 142, na wastani wake ulikuwa alama 65.5. Katika anatomia, somo la Fujino, alipata 59.3, chini ya 60. Mwalimu aliyeshutumiwa kumpendelea ndiye aliyemnyima alama.

Twaona ushahidi huu una thamani kuliko utetezi wowote. Mkono uliosahihisha madaftari kila juma ndio uliotoa 59.3. Laiti Fujino angalimhurumia kama wengine walivyomhurumia, angaliongeza ile sehemu ndogo iliyopungua, na tuhuma ya wenzake ingalikuwa na chembe ya ukweli. Hakufanya hivyo. Msaada wake ulikwisha pale haki ya wanafunzi wengine ilipoanza. Huyu ni mwalimu wa kweli, na sisi sote twajua ugumu wa kutoa alama kama hiyo kwa mwanafunzi tuliyemhangaikia mwaka mzima.

SUALA LA UKWELI

Je, insha hii ni historia? Mhakiki hana budi kuwa mwangalifu. Lu Xun alisimulia kisa cha picha ya mauaji mara mbili. Katika utangulizi wa mkusanyo wake wa kwanza wa hadithi, ulioandikwa Desemba 1922, mtu yule akatwa kichwa. Katika insha ya 1926, apigwa risasi. Hali kadhalika, asema madaftari yaliyosahihishwa yalipotea njiani alipohamisha vitabu. Kumbe yalipatikana mwaka 1951 huko Shaoxing, naye alikwisha kufariki mwaka 1936. Aidha asema kwamba picha ya Fujino yatundikwa ukutani Beijing, ikielekea meza yake, naye huitazama usiku anapochoka. Lakini siku alipoyaandika maneno hayo alikuwa Xiamen, kusini kabisa, mbali na ukuta huo.

Wako watakaosema kwamba mwandishi ametudanganya. Sisi hatuoni hivyo. Kumbukumbu ya miaka 20 huchagua na kupanga. La muhimu ni kuuliza imepangwa kwa nia gani. Nia yake ni kumweka Fujino katikati ya mambo mawili: hisani isiyo na maana upande mmoja, na dharau upande wa pili. Madaftari yaliyopatikana yathibitisha kwamba katika jambo hilo hakutia chumvi: wino mwekundu umo.

Ushahidi mwingine watoka kwa Fujino mwenyewe. Mwaka 1915 alipoteza kazi yake Sendai, kwani chuo kilikuwa kimekuwa sehemu ya chuo kikuu naye hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Akarudi kwao Fukui akawa tabibu wa watu wa shamba, na huko alifariki mwaka 1945. Baada ya kifo cha Lu Xun aliandika maneno machache yaliyochapishwa mwaka 1937. Humo alieleza kwamba alimwona mwanafunzi yule akipata taabu kuelewa Kijapani, akawa anabaki baada ya kipindi kumsaidia. Na kwamba yeye mwenyewe utotoni alifundishwa maandiko ya Kichina, ndiyo maana aliiheshimu nchi ile. Alilolitukuza mwanafunzi, mwalimu aliliona dogo. Tofauti hii ya kumbukumbu haipunguzi ukweli wa kisa, bali yauongeza. Afanyaye wema kwa mazoea hahesabu.

FANI

Kwa upande wa fani, insha hii ni fupi na lugha yake ni ya mazungumzo. Mwandishi hutumia kejeli kwa kila mtu ila Fujino, na hata kwake huanza na vichekesho vya tai na koti. Mbinu hii ni ya maana. Angalianza kwa kumsifu, tungalimshuku. Ameanza kwa kumcheka, nasi tukamwamini. Mandhari hubadilika upesi, bila maelezo marefu ya mji wala milima.

Anwani nayo yataka kutazamwa na walimu wa lugha. Maandishi mawili ambayo Wajapani huyasoma "sensei" ndiyo yale yale ambayo Wachina huyasoma "xiansheng". Maana ya asili ni aliyetangulia kuzaliwa. Kwa Kijapani ni mwalimu au mtu wa heshima kama tabibu. Kwa Kichina yaweza pia kuwa bwana wa kawaida. Mwandishi wa Kichina akiandika neno hilo juu ya Mjapani, lugha mbili zakutana katika neno moja. Kiswahili chatuwezesha kusema "Mwalimu", neno ambalo Afrika Mashariki lina uzito wa heshima unaopita kazi ya darasani, na twadhani mfasiri hana haja ya kutafuta jingine.

Ugumu zaidi umo katika maneno aliyoyaandika Fujino nyuma ya picha. Maandishi mawili husomwa "sekibetsu": la kwanza lina maana ya kusikitika au kuona hasara, la pili kuagana. "Kwaheri" ni jepesi mno. "Buriani" limekaribia, kwa kuwa anayeaga kwa neno hilo hutaka pia radhi, asijue kama wataonana tena. Wawili hawa hawakuonana tena.

ULINGANISHO NA RIWAYA YA DAZAI

Mwaka 1945 mwandishi wa Kijapani Dazai Osamu alitoa riwaya juu ya kisa hicho hicho, akaipa jina la maneno yale ya picha, "Sekibetsu". Ilikuwa imeagizwa na vyombo vya serikali wakati wa vita, ili kuonyesha urafiki wa Wajapani na Wachina. Msimulizi wake ni tabibu mzee aliyesoma pamoja na Lu Xun. Takeuchi Yoshimi, Mjapani aliyebobea katika kazi za Lu Xun, aliilaumu riwaya hiyo kwa kuipunguza fedheha iliyompata kijana yule Sendai. Lawama hiyo ni ya haki. Ukiondoa fedheha, Fujino abaki mtu mpole miongoni mwa wapole, na wino wake hauna kazi.

Lakini Dazai amevumbua jambo moja ambalo Lu Xun hakuliandika. Msimulizi wake ni kijana wa shamba mwenye lafudhi nzito ya kaskazini, anayeona haya kufungua kinywa mbele ya watu wa mji. Na mgeni huyu wa Kichina, ambaye Kijapani chake pia si cha mjini, ndiye wa kwanza anayeweza kuzungumza naye kwa raha. Hapa msanii amegundua kwamba mwenyeji naye aweza kuwa mgeni katika lugha ya nchi yake. Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani, ambao wanafunzi wetu huchekwa kwa lafudhi zao wafikapo Unguja au Mombasa, twalielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

KASORO

Insha ya Lu Xun haikukosa upungufu. Kwanza, wenyeji wa kawaida hawana sauti. Mwenye nyumba aliyepika ule mchuzi wa magimbi kila siku hatumsikii hata mara moja. Pengine naye alikuwa na la kusema juu ya mpangaji wake. Pili, wako wanafunzi Wajapani waliosimama pamoja na msimulizi kupinga tuhuma, lakini wamepitishwa kwa maneno machache. Ushujaa wa kupinga darasa lako mwenyewe kwa ajili ya mgeni si mdogo, nao ulistahili zaidi.

Tatu, na hili latuhusu sana, twaambiwa kwamba sarufi ilisahihishwa, lakini hatuonyeshwi kosa hata moja. Mwandishi aliyeweza kutuonyesha mshipa uliohamishwa angaliweza kutuonyesha sentensi iliyopinda. Twashuku kwamba haya ya lugha ni nzito kuliko haya ya mchoro, hata kwa mwandishi mkubwa.

FUNZO KWA WALIMU

Anayesoma Japani siku hizi hukutana na lugha yenye ngazi za heshima. Tendo la kula, kwa mfano, laweza kutajwa kwa "taberu" katika mazungumzo ya kawaida, kwa "meshiagaru" kwa kumtukuza mlaji, au kwa "itadaku" msemaji anapojinyenyekeza. Mgeni akikosea ngazi, aghalabu msikilizaji hutabasamu na kumsifu kwamba Kijapani chake ni kizuri. Sifa hiyo ni adabu, wala si uongo wa kudhuru. Lakini mtu aweza kusifiwa miaka minne na kurudi na makosa yale yale.

Tusiwacheke Wajapani. Kwetu mgeni akimwamkia mtoto mdogo "shikamoo", twafurahi na kumpigia makofi kwa juhudi yake. Akisema "kitabu yangu", twasema ameeleweka, yatosha. Na yule mkimbizi au mhamiaji aliyeingia darasani katikati ya mwaka, twampa alama za huruma ili asivunjike moyo. Twadhani tumemkaribisha. Kwa kweli tumemlisha siku ya tatu, ya nne na ya tano, na jembe tumelificha.

Wako walimu wanaosema kwamba wino mwekundu mwingi humkatisha tamaa mwanafunzi, nao wana haki ya kusikilizwa. Daftari lililojaa mistari isiyo na maelezo ni adhabu tu. Lakini Fujino hakupiga mistari: alijaza yaliyokosekana, alirudisha daftari baada ya siku chache, na alifanya hivyo faraghani. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyotofautisha usahihishaji na udhalilishaji, na yote yamo katika uwezo wa mwalimu asiye na vifaa vyovyote isipokuwa kalamu. Lililo gumu ni muda. Mwenye darasa la wanafunzi 80 hawezi kusahihisha hivyo kwa wote kila juma. Aweza kuanza na yule mmoja ambaye kila mtu amekubali kumwacha kama alivyo.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba "Mwalimu Fujino" ni zaidi ya kumbukumbu ya shukrani. Ni maelezo ya namna tatu za kumpokea mgeni: kumtunza kama kitu adimu, kumshuku kwa sababu ya nchi yake, na kumsahihisha kama mtu. Mwandishi alizipata zote tatu katika mji mmoja kwa muda usiofika miaka miwili, akaondoka bila kuwa tabibu. Barua aliyoahidi hakuiandika. Lakini mwaka 1935, uteuzi wa kazi zake ulipochapishwa Tokyo kwa Kijapani, aliwaachia wafasiri wachague wapendavyo, ila alitaka insha hii isikose.

Twapendekeza insha hii isomwe katika madarasa ya juu, na wanafunzi wajaribu kuifasiri sehemu kwa sehemu kutoka Kiingereza au Kifaransa. Wabishane juu ya "buriani" na "kwaheri". Watafute neno la vikonyo vya magimbi katika lugha zao za nyumbani. Na mwalimu atakapozikusanya tafsiri hizo, asiishie kwenye alama. Azisome zote, kutoka mwanzo hata mwisho, kalamu ikiwa mkononi.